Jasho la Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya chai, akina mama wa nyumba ya kungojea walimwagilia maua.

Walikuwa watano siku hizo, wote na matumbo makubwa. Aliyeweza kuinama aliinama. Asiyeweza alisimama pembeni na kutoa amri.

"Hilo la mwisho umelinyima," mmoja alisema. "Limwagie, lisije likatusema kwa muuguzi."

Wakacheka, wakarudi kisimani taratibu, ndoo moja watu wawili.

Nyumba hiyo ilikuwa fahari ya kijiji. Ilisimama hatua hamsini kutoka zahanati, kando ya barabara. Mwanamke wa mbali aliyekaribia kujifungua alikuja kukaa humo wiki mbili au tatu, ili uchungu usimkute njiani. Kijiji kizima kiliijenga. Udongo ulichimbwa palepale. Mawe ya msingi yalitoka kilimani, nguzo na nyasi za paa zikatoka bondeni. Wanawake walikanyaga udongo, wanaume wakafyatua matofali na kuyakausha kivulini wiki nne. Hayakuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya kuni.

Fundi aliyeisimamisha aliitwa Timazi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Timazi ni ile kamba yenye chuma kizito chini, ambayo mafundi huining'iniza kuona kama ukuta umenyooka. Watu walisema fundi huyu haihitaji kamba hiyo, jicho lake linatosha. Naye hakuwahi kuwakatalia.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, Timazi alimletea chakula binti yake, mmoja wa wale watano. Alikuwa kitinda mimba wake, ameolewa ng'ambo ya mto. Mwaka juzi uchungu ulimkuta njiani, mto umejaa. Alijifungulia kwenye majani, na mtoto akafa kabla hawajavuka. Timazi alimzika mjukuu yule kwa mikono yake mwenyewe. Kijiji kilipoitisha mkutano wa kujenga nyumba ya kungojea, yeye alikuwa wa kwanza kusimama na kusema nitajenga.

"Baba, nipigie msumari hapa," binti akasema. "Kikapu nikikiweka chini, sisimizi wananitangulia kula."

Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha la mbele, kimegusa ukuta. Timazi akatoa nyundo. Lipu ya saruji ilikuwa ngumu, msumari ukagoma kidogo. Kisha ukazama wote mara moja, kama umechomwa kwenye papai lililoiva. Timazi akasita. Akauvuta kwa vidole viwili tu. Ulitoka umelowa, una tope.

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitatu.

"Vipi, Baba?"

"Ukuta huu mgumu," Timazi akasema. "Nitaleta msumari mwingine."

Akaufuta msumari kwenye suruali, akautia mfukoni. Kisha akatoka nje, akazunguka mbele ya nyumba kama mtu anayetembea tu. Akaigonga lipu kwa kidole. Juu, karibu na dirisha, ilijibu kama kitu kizima. Chini, usawa wa goti, ilijibu kama debe tupu. Akainama. Pale chini lipu ilikuwa imevimba kidogo, na mstari mweupe ulipita juu ya uvimbe huo kutoka kona hadi kona.

Akainua macho. Juu ya dirisha yalikuwa yameandikwa majina ya watu wote waliochangia, kwa rangi ya buluu juu ya lipu nyeupe. Yalisomeka mpaka barabarani. Yalisomeka kwa sababu wiki mbili nyuma Timazi mwenyewe alipanda ngazi na panga, akaukata upenu. Upenu ni ile sehemu ya paa inayojitokeza nje ya ukuta na kuyamwaga maji ya mvua mbali. Mwenyekiti wa kijiji alisema unaficha majina. Basi Timazi akaukata, ukabaki mfupi kama ukosi wa shati.

Kule kilimani mawingu yalikuwa yamekaa tangu alfajiri. Timazi akayatazama, akashika njia ya nyumbani kwa haraka.

*

Nyumbani alikula matonge matatu, akasukuma sahani.

"Nani kakuudhi?" mkewe akauliza.

"Sina njaa."

"Wewe? Mtu anayekomba sufuria mpaka paka anakasirika?"

Siku nyingine angecheka. Leo alikuwa akiuhesabu ukuta ule kichwani, tofali kwa tofali, na kila alipofika safu za chini alianza upya. Alijua jambo moja bila shaka. Ukuta wa mbele ulikuwa umelainika kwa ndani, na binti yake alilala umbali wa kiganja kutoka ukuta huo. Alijua na jambo la pili. Keshokutwa nyumba ingefunguliwa rasmi, na wazee wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wakija kuiona. Wakiipenda, wangempa kazi ya kujenga ukumbi wao. Alikuwa ameisubiri kazi ya namna hiyo tangu alipoacha kuchanganya zege za watu mjini.

"Shangazi yako amekuita," mkewe akasema. "Amesema uende leo, si kesho."

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Timazi. Ndiye aliyemlea. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mkongwe mwenye mikono mikubwa, na kijiji kizima kiliuogopa mdomo wake. Timazi alimkuta uani, anakanda udongo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, utanikalia chungu."

Akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Juzi nilikwenda kumwona mjukuu wangu," Shangazi akasema, mikono bado kwenye udongo. "Nikachoka, nikaegemea ukuta wako. Ulikuwa wa baridi."

"Ukuta wa udongo huwa wa baridi, Shangazi."

"Huwa wa baridi kama kivuli. Huo wako ulikuwa wa baridi kama pua ya mbwa. Nikatazama chini, nikaona mstari mweupe. Ile ni chumvi ya ardhini. Chumvi haina miguu. Ikipanda ukutani, ujue imebebwa na maji."

Shangazi akanawa, akamwonyesha mtungi wa maji uliokuwa kivulini.

"Shika ubavu wake."

Timazi akaushika. Ulikuwa na unyevunyevu.

"Unatoka jasho," Shangazi akasema. "Udongo una vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Maji yanapenya humo, upepo unayachukua. Ukuta wa udongo nao ni hivyohivyo. Unakunywa unyevu kidogo kutoka chini, kidogo kutoka hewani. Hauna ubaya. Unakunywa, unatoka jasho, unakauka. Sasa njoo uone."

Nyuma ya nyumba, juani, palikuwa na matofali mawili. Timazi aliyatambua. Alikuwa ameyafyatua yeye, yakabaki kazi ilipokwisha.

"Juzi niliyamwagia maji yote mawili, kata moja moja," Shangazi akasema. "Hili nikaliacha wazi. Hili nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki. Yamekaa juani siku mbili. Gusa."

La kwanza lilikuwa kavu na gumu. Shangazi akafungua mfuko. Timazi akabonyeza tofali la pili, na kidole kikaingia mpaka kiungo cha kati.

"Lakini saruji si plastiki, Shangazi."

"Kwa ukuta wa udongo, haiko mbali. Inaziba. Maji yakishaingia nyuma ya lipu, hayana pa kutokea. Na ninyi hamkutosheka na kuuziba. Mmerundika udongo wa maua ukutani mpaka umefunika msingi, na kila siku wanawake watano wanaunywesha asubuhi na jioni."

"Maua aliyataka Mwenyekiti."

"Msingi wa mawe aliutaka nani?"

"Mimi."

"Kwa nini mawe?"

Timazi akatazama miguu yake. "Ili maji ya ardhini yasiufikie udongo."

"Kumbe unajua."

Kuku walipita, wakachokoa chini ya matofali, wakaenda zao. Timazi alihisi uso unamwaka moto, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

"Mjini nilipiga lipu ya saruji miaka kumi na mmoja," akasema. "Hapa kila mtu aliniambia, nyumba ya udongo ni ya maskini. Nilitaka mtu akipita barabarani aone nyumba, asione tope."

"Udongo haukukuaibisha, mwanangu. Wewe ndiye uliyeuonea haya."

Timazi akatia mkono mfukoni, akatoa ule msumari, akauweka kwenye kiganja cha Shangazi. Tope lilikuwa limekauka kwenye ncha. Mwanamke yule hakuhitaji kuelezwa.

"Ulimwambia mtoto?"

"Sikumwambia."

"Basi hapa kwangu unafanya nini?"

*

Mwenyekiti alikuwa ofisini, akijisomea hotuba kwa sauti. Alimsikiliza Timazi mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni.

"Fundi," akasema, "ukuta umesimama miezi mitatu. Utashindwa kusimama siku mbili?"

"Mvua inakuja."

"Mvua inakuja tangu wiki iliyopita. Sikiliza. Tukiwatoa akina mama leo, wageni wataikuta nyumba tupu. Watauliza. Utawajibu nini? Wale wazee wa ng'ambo wanakuja kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Acha wageni waje, wale, waondoke. Kisha tutabomoa polepole na kujenga upya. Nani atajua?"

Timazi alilijua jibu sahihi. Lilikuwa fupi tu, na lilikuwa mdomoni. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Siku mbili."

"Siku mbili," Mwenyekiti akakubali, akarudi kwenye hotuba yake.

Njiani Timazi alijitafutia nafuu. Akawaza kwenda kukisogeza kitanda cha binti yake, kimya kimya, mpaka ukuta wa nyuma. Wazo hilo lilimtuliza kwa hatua kumi. Kisha akakumbuka kuwa pale dirishani ndipo penye upepo. Binti akiondoka, mwingine atakimbilia nafasi. Na huyo mwingine naye ana baba mahali fulani.

Alikuwa amesimama hivyo katikati ya njia, kama mtu aliyesahau alikotumwa, tone la kwanza lilipompiga mkononi. Lilikuwa kubwa. La pili likampiga shingoni. Halafu yakaja yote.

Timazi akakimbia.

Alipofika, aliona kwa macho yake kazi ya panga lake. Maji ya paa yalikuwa yanaanguka moja kwa moja kwenye tuta la maua, na tuta lile liliyapokea kama beseni. Upepo uliipiga mvua ukutani, na hakukuwa na upenu wa kuizuia. Rangi ya buluu ilikuwa imeanza kuchuruzika. Uvimbe wa asubuhi ulikuwa umekuwa kitambi.

Aliingia bila hodi.

"Tokeni," akasema. "Nendeni zahanati. Mpitie mlango wa nyuma. Sasa hivi."

Walikuwa wamejilaza, wamejifunika khanga. Mmoja wao, ambaye wote walimwita Mama Pacha kwa sababu uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa mapacha, aliinua kichwa tu.

"Fundi, humu wanaume hawaingii," akasema. "Na njia ile inateleza. Mtu akianguka na tumbo hili, utamwinua wewe?"

"Ukuta wa mbele unaanguka."

Wanawake wakautazama ukuta. Ulikuwa mweupe, umenyooka, safi. Mmoja akacheka kidogo.

"Baba," binti yake akasema kutoka pale dirishani, "si asubuhi uliniambia ukuta huu ni mgumu?"

"Nilikudanganya."

Timazi hakusubiri lingine. Akamshika binti mkono, akamketisha kwenye kitanda cha jirani, akakivuta kile cha dirishani kando. Akapiga lipu kwa nyundo, usawa wa goti, mara moja tu. Kipande kikubwa kama sinia kikadondoka sakafuni. Nyuma yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na uji. Ulitoka taratibu, mwekundu, ukaanza kutambaa kuelekea kwenye viatu vya akina mama.

Mama Pacha ndiye aliyesimama kwanza.

"Shikaneni mikono," akawaambia wenzake. "Anayeteleza, wote tunasimama. Twendeni."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wanne, kwa mstari, khanga zimelowa kabla hawajafika njiani. Kule zahanati muuguzi aliwaona, akaja akikimbia na mwavuli usiomtosha hata yeye.

Binti hakuwa amesimama.

"Baba, siwezi," akasema. Alikuwa amekamata ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. "Uchungu umenianza tangu saa saba. Nilidhani ni mgongo tu."

Timazi akapiga magoti mbele yake. Nyuma ya mgongo wake alisikia sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole. Ilianzia kona ya dirisha, ikashuka. Alijua ni nini. Alijua pia kuwa mwanamke mwenye uchungu havutwi kama gunia.

"Huu ukipita, tunakwenda," akasema. "Pumua. Mimi nipo."

"Usiniache hapa."

"Siendi bila wewe."

Ufa ukachanika tena. Vumbi la lipu likamwangukia Timazi kichwani. Alitaka kugeuka atazame, akajizuia, maana binti angeiona hofu yake. Alihesabu. Alifika ishirini na sita, mikono ya binti ikalegea.

"Sasa," akasema.

Akaupitisha mkono wa binti begani mwake, wakatoka. Hatua moja, mbili, kizingiti, matope. Walikuwa hawajafika nusu ya njia waliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito na kifupi, kama gunia la mahindi lililotupwa chini. Paa lilibaki juu kwa sababu lilibebwa na nguzo. Ukuta wa mbele, kuanzia mlangoni hadi kona, ulikuwa umelala ndani ya chumba, na kitanda cha dirishani hakikuonekana.

Binti aliugeukia, akautazama, kisha akamtazama baba yake. Timazi angependa amtukane.

Kabla jua halijazama, muuguzi alitoka nje ya chumba cha uzazi akiwa anafuta mikono.

"Wa kike," akasema. "Analia kama anadai haki yake. Mama yake mzima."

Timazi akakaa chini pale pale barazani, kwenye maji, akalia.

*

Mwenyekiti alikuja na buti za mvua na uso uliosawijika.

"Nitawatumia wageni ujumbe wasije," akasema.

"Waache waje," Timazi akajibu.

Wageni walikuja. Walikuta nyumba yenye kuta tatu. Wazee wa ng'ambo, watu watatu wenye fimbo, waliizunguka. Mmoja wao akauliza, "Fundi wa ukuta huu ni nani?"

"Ni mimi," Timazi akasema.

Akasimama mbele ya kijiji kizima akaeleza. Hakumtaja Mwenyekiti. Akasema alipiga saruji juu ya udongo. Akasema aliukata upenu. Akasema aliuona msumari umelowa, akanyamaza, na kwamba kunyamaza huko kulikuwa kubaya kuliko saruji. Watu walinung'unika. Mama Pacha alimtazama kwa jicho ambalo hakulisahau. Kisha Mwenyekiti akasimama, pole pole, akasema, "Na mimi ndiye niliyemwambia siku mbili." Akakaa. Hotuba yake ilibaki mfukoni.

Mtu mmoja akasema basi wajenge kwa zege, udongo umewashinda. Hapo Shangazi akainuka.

"Nyumba ya marehemu baba yangu ni ya udongo," akasema. "Ina umri mkubwa kuliko wewe, na imesimama vizuri kuliko wewe. Kosa si la udongo. Udongo una masharti yake. Ukiyafuata, unakutunza. Usipoyafuata, umeona."

Watu wakacheka, na yule mtu akacheka pia, maana kweli alikuwa amesimama ameegemea fimbo.

Wazee wa ng'ambo waliaga mapema. Kuhusu ukumbi wao hawakusema kitu. Timazi aliwasindikiza mpaka mtoni, wakapeana mikono, akarudi peke yake.

Mvua zilipokwisha, kazi ilianza upya. Kwanza walitoa lipu yote ya saruji kwenye kuta tatu zilizobaki, wakaziacha wazi zikauke mpaka tofali lilipogongwa likatoa sauti. Waliondoa udongo wa maua, mawe ya msingi yakaonekana tena. Upande wa mbele waliyaongeza mpaka yakafika gotini mwa mtu mzima, ndipo wakaanza kupanga matofali. Maua waliyahamishia kando ya njia. Hatua mbili kutoka ukutani wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji bondeni.

Paa waliliongezea nyasi, upenu ukatoka nje urefu wa mkono mzima. Chini yake mtu aliweza kukaa kwenye benchi mvua ikinyesha asilowe.

Lipu ilikuwa kazi ya Shangazi, na hapo Timazi alikuwa kibarua tu. Mwanamke yule hakukubali kuanza kwa kukisia. Alichanganya udongo na mchanga kwa vipimo vitano tofauti, kila kimoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Akapaka mabaka matano ukutani, akaenda nyumbani kwake. Baada ya wiki akarudi. Baka moja lilikuwa limepasuka vibaya, kwa sababu udongo ulizidi. Jingine lilidondoka unga lilipoguswa, kwa sababu mchanga ulizidi. Katika matatu yaliyobaki, moja tu lilikuwa zima kabisa.

"Hili," akasema. "Msiongeze, msipunguze."

Juu ya lipu hiyo walipaka chokaa. Chokaa huacha ukuta utoke jasho, na nyumba ikawa nyeupe vilevile. Majina ya wachangiaji yaliandikwa kwenye ubao kando ya barabara. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeishindilia nguzo yake. Kisha mkutano ukapitisha jambo moja zaidi. Lipu ya udongo huchubuka, kwa hiyo kila mwaka, mvua zikikoma, kila nyumba itatoa mtu mmoja kwa siku moja kuja kuziba palipochubuka. Wapo waliolalamika. Walikuja hata hivyo.

Masika yaliyofuata yalikuwa makali kuliko ya mwaka uliopita. Kila mvua ilipokatika, Timazi alikwenda na kuweka kiganja chini ya dirisha, safu ya kwanza juu ya mawe. Wanawake waliokuwa humo walimzoea. Walimwita daktari wa ukuta. "Mgonjwa ameamkaje leo?" walimuuliza. Ukuta ulikuwa mkavu. Siku ya mvua ulinywa kidogo, siku ya jua ukatoka jasho, basi. Wanawake thelathini na wanane walipita katika nyumba ile msimu huo, na hakuna aliyejifungulia njiani.

Binti yake alirudi ng'ambo na mtoto wake. Kwa muda mrefu alizungumza na baba yake kwa maneno machache. Timazi alivumilia, akaona ni haki.

Siku moja ya kiangazi, akiwa kibarazani ananoa mwiko, wakaja watu watatu wenye fimbo. Aliwatambua. Akainuka kuwapokea, akili imeshaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Bado hatujajenga ukumbi," mkubwa wao akasema, baada ya salamu. "Tumezunguka zaidi ya mwaka mzima. Tulikuwa tunatafuta fundi ambaye ukuta wake haujawahi kuanguka."

"Hamjampata?"

"Tumewapata wengi. Tukiwauliza kwa nini hauanguki, hakuna anayejua." Akaegemeza fimbo yake ukutani. "Binti yako ndiye aliyetuambia turudi kwako. Alisema wewe unajua."

Timazi aliingia ndani, akakaa huko kitambo kidogo, akatoka na viti vitatu. Akawakaribisha.

"Niambieni kwanza," akasema. "Mvua ikinyesha kwenu, maji yanapita wapi?"